Nina libssl mpya, kwa nini inadai ya zamani?

SWALI: Habari fundi. Natumia Ubuntu 22.04. Nilipakua programu moja ya miaka ya nyuma, faili la .deb (kifurushi cha Ubuntu), nikaisakinisha kwa dpkg -i. Ikagoma, ikidai maktaba iitwayo libssl1.1. Nilipoangalia nikakuta ninayo libssl3, ambayo ni mpya zaidi. Kwenye video moja wakasema nitumie --force-depends, kisha nitengeneze viungo (symlink, majina yanayoelekeza kwenye faili jingine) vya libssl.so.1.1 na libcrypto.so.1.1 vinavyoelekea kwenye zile za 3. Programu ilikubali kusakinishwa lakini haifunguki, na sasa apt, kisakinishi cha mfumo, inakataa kusakinisha kitu chochote, hata masasisho. Nitatokaje hapa bila kuformati?

JIBU: Usiformati, ndugu yangu. Kompyuta yako ni nzima. Ila kabla sijakupa dawa, niache nitoe dukuduku langu juu ya maneno yako "ambayo ni mpya zaidi", kwa sababu nayasoma karibu kila wiki na ndiyo yaliyokufikisha hapo.

Maktaba ni faili la funksheni, yaani vipande vya kazi ambavyo programu nyingi huviazima. Namba iliyo mwishoni mwa jina lake haikuambii umri wake. Ni ahadi. libssl.so.1.1 huiahidi kila programu iliyojengwa juu yake kwamba funksheni zangu zinaitwa hivi, zinapokea hiki, zinarudisha kile, na sitazigeuza. Watengenezaji wa OpenSSL, mradi unaotoa libssl, walipotaka kufanya mabadiliko ambayo yangeivunja ahadi hiyo, hawakuyapenyeza kimyakimya, walibadilisha namba ikawa 3. Ndiyo maana kuna vifurushi viwili vyenye majina tofauti, libssl1.1 na libssl3. Machoni pa apt hivyo ni vitu viwili kabisa, vinavyoweza hata kukaa kwenye diski moja bila kugombana. Kuwa na kimoja hakulipi deni la kingine, hata kiwe kipya namna gani.

Vile viungo vyako je? Ifungue hiyo programu kutoka kwenye terminali utaona inavyolalamika kwamba OPENSSL_1_1_0 haipo ndani ya libssl.so.1.1. Funksheni za maktaba hiyo zimebandikwa lebo ya toleo, na lebo hukaguliwa wakati programu inapoanzishwa. Wewe ulibadilisha kibao cha mlangoni tu, wakazi wa ndani ni wale wale wa 3. Na hapo shukuru. Ziko maktaba zisizo na lebo za namna hiyo, na kwa hizo ujanja huu hupita: programu inafunguka, inafanya kazi vizuri siku mbili tatu, halafu inaanguka katikati ya kuhifadhi faili, na hakuna anayekumbuka tena kwamba kuna kiungo cha uongo mahali.

Tukija kwenye --force-depends, mwongozo wa dpkg haufichi kitu: kazi yake ni kugeuza matatizo ya vitegemezi, yaani vifurushi ambavyo programu inavihitaji, yawe maonyo. Haitatui chochote. dpkg iliandika kwenye /var/lib/dpkg/status kwamba programu yako imo na inadai libssl1.1. Kila unapoiita apt, inafungua daftari hilo, inakuta deni, inasimama. Unaiona mbishi, kumbe inakusomea ulichokiandika wewe mwenyewe.

Sasa dawa. Futa viungo viwili ulivyotengeneza, vile vya 1.1 tu. Ukiteleza ukafuta libssl.so.3 yenyewe, curl (programu ya kupakua) na wenzake wengi watakufa papo hapo. Endesha sudo ldconfig, inayosasisha orodha ya maktaba za mfumo, kisha sudo apt --fix-broken install. Itapendekeza kuiondoa ile programu, maana libssl1.1 haimo kwenye hazina za 22.04, yaani ghala ambamo apt huchukua vifurushi. Kubali, lakini soma kwanza orodha ya vinavyoondolewa. Kwako panatakiwa jina hilo moja; yakitokea mengine usiyoyaelewa, jibu hapana na unitumie orodha yote kama ilivyo.

Baada ya hapo watafute waliotengeneza programu wakupe toleo lililojengwa kwa 22.04. Kama hawana, iendeshe ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa ndani ya kompyuta yako) ya Ubuntu 20.04, ambako libssl1.1 iko nyumbani kwake. Na siku nyingine faili la .deb lisakinishe kwa sudo apt install ./jina.deb, pamoja na hiyo nukta na mkwaju. apt itakutafutia vitegemezi. dpkg haijui kuvitafuta, haikuumbwa kwa kazi hiyo.

Najua atatokea wa kukuambia uchukue libssl1.1 ya 20.04 uiweke humo humo. Kiufundi inakubali. Lakini OpenSSL waliacha kuihudumia 1.1.1 kwa umma Septemba 2023, na hii ni maktaba inayolinda mawasiliano yako, si ya kuchora aikoni. Masasisho yako ya kawaida hayataigusa tena. Kwenye mashine isiyounganishwa na mtandao, sawa. Kwenye nyingine mimi sifanyi.

Wanaonikera hasa ni hawa mafundi wa video. Wanakuonyesha programu ikifunguka, wiki inayofuata hawakuonyeshi. Ni hao hao wanaokwambia uongeze hazina ya toleo jingine la mfumo ili upate kifurushi kimoja; kifurushi hicho kinakuja na libc6 mpya, maktaba ya msingi inayotegemewa na karibu kila programu, libc6 inavuta nusu ya mfumo nyuma yake, na unabaki na mashine ambayo si ya toleo hili wala lile. Watu wa Debian, mfumo ambao Ubuntu imejengwa juu yake, wana hata jina la kejeli kwa mfumo kama huo, FrankenDebian.

Wengine wanatumia sudo pip, kisakinishi cha Python, kuweka maktaba za Python juu ya zile za mfumo. Kuanzia Debian 12 pip inakataa na kukuelekeza utengeneze mazingira ya pembeni kwa python3 -m venv. Kwa asiyetaka kusikia, waliacha swichi moja wakaiita --break-system-packages, yaani vunja vifurushi vya mfumo. Sijui wangeiitaje ili watu waogope. Bado napokea barua ambazo mstari wa kwanza ni amri hiyo, na wa pili unauliza kwa nini programu za mfumo zinazotegemea Python zimeacha kufunguka.