Mwalimu wa biolojia anaweza kusoma uzamili wa sayansi ya neva?

Swali: Daktari, habari ya kazi? Mimi ni mwalimu wa biolojia na kemia katika shule ya upili karibu na Mumias. Nina shahada ya elimu, daraja la pili la juu. Natamani kusoma uzamili wa sayansi ya neva, yaani ya ubongo na mishipa ya fahamu, lakini wenzangu katika ofisi ya walimu wananiambia hayo ni mambo ya madaktari. Nimeanza kujisomea, na kila nikifika kwenye zile milivoti −70 za seli nakwama: sielewi zinatoka wapi, na hesabu niliagana nayo kidato cha nne. Je, niombe nafasi au niache tu? Na nikiomba, nitahitaji kompyuta ya aina gani?

Jibu: Mwalimu, omba. Anayetaka kutibu kifafa au kiharusi husomea udaktari kwanza, kisha akabobea. Uzamili wa sayansi ya neva ni njia nyingine kabisa. Ni shahada ya utafiti, na darasani utakutana na watu waliotoka biolojia, saikolojia, famasia, fizikia, hata uhandisi wa umeme. Ukihitimu hutaruhusiwa kumwandikia mtu dawa. Waeleze na watu wa nyumbani mapema, maana ukirudi na shahada ya ubongo utaletewa kila mwenye kuumwa kichwa kutoka Mumias hadi Butere.

Biolojia unayo. Kinachokusumbua ni hesabu, kwa hiyo tuifanye hapa hapa.

Chukua seli moja ya neva iliyotulia. Ndani yake kuna potasiamu kama milimoli 140 kwa lita, nje kama 5. Utando wake una vijilango, na wakati huo vilivyo wazi kwa wingi ni vya potasiamu. Potasiamu basi inatoka kuelekea kule iliko chache. Lakini kila ioni (chembe yenye chaji) inayotoka inaondoka na chaji chanya na kuacha ndani pakiwa hasi zaidi, na uhasi huo unaivuta irudi. Kuna volti ambayo mivuto hii miwili inatoshana, na mlinganyo wa Nernst ndio unaoitaja: katika joto la mwili, gawanya kiasi cha nje kwa cha ndani, tafuta logi yake ya kizio cha 10, zidisha kwa 61.5. Toa kikokotoo chako. 5 kwa 140 ni 0.0357, logi ni −1.447, jibu ni milivoti −89. Sasa sodiamu: 145 nje, 12 ndani. Utapata kama +67.

Hizo ndizo ncha mbili. Seli iliyotulia inakaa −70 kwa sababu imeegemea upande wa potasiamu, ila sodiamu kidogo inavuja kuingia na kuisogeza juu. Ujumbe unapopita, vijilango vya sodiamu vinafunguka ghafla na volti zinakimbilia ile +67. Hazifiki, kwa kuwa vijilango hivyo vinajifunga upesi na vya potasiamu vinafunguka kuzirudisha chini, yote hayo ndani ya milisekunde moja au mbili. Wanasayansi Waingereza Hodgkin na Huxley walilionyesha hili mwaka 1952 kwa neva nene ya ngisi, wakapata Tuzo ya Nobel 1963. Huxley alikokotoa milinganyo yao kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, kwa hiyo kikokotoo chako si cha kudharauliwa.

Kwa vile wewe ni mwalimu, nikuchokoze kidogo. Wanafunzi wengi huondoka darasani wakiamini kwamba pampu ya sodiamu na potasiamu, ile inayotoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2, ndiyo inayozalisha −70. Mchango wake wa moja kwa moja ni milivoti chache tu. Kazi yake kubwa ni kulinda tofauti ya viwango, ile 140 na 5. Volti zenyewe zinatokana na uvujaji. Ukilielewa hili barabara utakuwa umewapita wengi wanaoanza uzamili.

Zaidi ya logi, jikumbushe kalkulasi ya kutosha kuelewa kasi ya badiliko, kisha muda wako mwingi uweke kwenye takwimu. Wanafunzi ninaowaona wakikwama mwaka wa pili hukwama na data mkononi: vipimo wanavyo, hawajui wavifanyie nini. Jifunze Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kabla ya kuanza masomo. Neuromatch Academy wamekuwa wakifundisha sayansi ya neva ya kikokotozi (inayotumia hesabu na kompyuta) mtandaoni tangu 2020, na ada yao hupungua kulingana na nchi unakoishi.

Kuhusu maabara, nikupe picha ya kipimo cha EEG, kwa kuwa ni cha bei nafuu ukilinganisha na mashine za picha za ubongo. Unabandika elektrodi, vile visahani vidogo vya kunasa umeme, kichwani na kusoma umeme wa ubongo wa maikrovoti 10 hadi 100. Nyaya za stima ukutani nazo zinatetema kwa hezi 50, na mtetemo huo unaingia kwenye rekodi yako usipokuwa mwangalifu. Nywele nazo ni kazi. Elektrodi zilibuniwa bila kufikiria nywele zetu, na mtu mwenye rasta au nywele nzito anaweza kukumalizia asubuhi nzima bila rekodi safi. Akisukwa matuta yanayofuata mistari ya elektrodi, ngozi inaonekana na jeli ya kupitishia umeme inashika. Kisha mwambie afumbe macho: mawimbi ya alfa, hezi 8 hadi 13, yanajitokeza kisogoni, yale yale ambayo daktari Mjerumani Hans Berger aliyachapisha mwaka 1929. Akifumbua, yanafifia. Sijawahi kuchoka kuyatazama.

Chuo usikichague kwa jina. Anza na swali unalotaka kulitafiti, kisha mtafute msimamizi anayelifanyia kazi na mwenye vifaa vyake. Na ukanda wetu wa ziwa una maswali tele. Watoto wenye selimundu wanapata kiharusi, na tangu utafiti wa Marekani uliochapishwa 1998 tunajua kwamba mtoto ambaye damu kwenye mishipa yake mikuu ya ubongo inakwenda sentimita 200 kwa sekunde au zaidi yuko hatarini sana; kipimo chenyewe ni mawimbi ya sauti tu juu ya sikio. Malaria ya ubongo inawaachia baadhi ya watoto kifafa. Busia na Homa Bay nguruwe wamepatikana na lava (wachanga) wa minyoo ya tegu, na lava wa aina hiyo wakiingia ubongoni mwa binadamu huleta degedege. Hapa watu huchanganya: nyama isiyoiva inakupa tegu tumboni, lakini lava wa ubongoni wanatokana na kumeza mayai yaliyo katika kinyesi cha mtu mwenye tegu. Asiyegusa nguruwe maisha yake yote anaweza kuugua.

Mwandikie msimamizi barua fupi, aya mbili, ukitaja swali lako na makala yake uliyoisoma. Barua za "nina hamu kubwa na ubongo" tunapokea nyingi. Angalia pia mafunzo mafupi ya IBRO, shirika la kimataifa la utafiti wa ubongo, kwa Waafrika na mikutano ya SONA, chama cha wanasayansi wa neva wa Afrika kilichoanzishwa Nairobi 1993; wasimamizi wengi hupatikana huko. Likizo ya masomo iombe kwa mwajiri wako, TSC, mapema, kabla barua ya chuo haijakukuta huna mpango.

Kompyuta: ya kawaida yenye RAM ya gigabaiti 8 inatosha kuanzia, 16 ukiweza. Usiuze ng'ombe kwa ajili hiyo. Data kubwa huchakatwa kwenye kompyuta za chuo. Pesa hiyo nunulia diski ya nje ya kuhifadhia nakala.