Ukitaka kuona watu wamebadilika, usiguse swali

Ukiingia kwenye utafiti wa soko, kitu cha kwanza utakachotamani ni kuliboresha dodoso ulilolikuta. Utaona maswali yamechakaa na lugha yake ni ya zamani. Tulia kwanza. Katika tafiti zinazofuatilia mitazamo mwaka hadi mwaka, swali lililochakaa lina thamani kuliko jipya lililopangwa vizuri, kwa sababu lina majibu ya nyuma ya kulinganisha. Ukibadilisha neno moja kisha asilimia ikapanda, hutajua kilichobadilika ni watu au ni swali.

Kwa miaka mingi General Social Survey, utafiti wa mitazamo ya Wamarekani ulioanza 1972, umekuwa ukigawa wahojiwa. Baadhi huulizwa kama serikali inatumia fedha kidogo mno kwa ruzuku za ustawi ("welfare", yaani misaada ya serikali kwa wasiojiweza), wengine huulizwa hivyohivyo kuhusu kuwasaidia maskini. Wa kundi la pili husema "kidogo mno" kwa wingi zaidi, tena kwa mbali sana. Hakuna aliyebadili msimamo hapo. Ni maneno tu.

Sasa tazama faida ya kurudia. Mwaka 1958 Gallup, kampuni ya kura za maoni, waliwauliza Wamarekani kuhusu ndoa kati ya weupe na weusi, asilimia 4 wakaafiki. Mwaka 2021 walikuwa asilimia 94. Hata swali hilo ilibidi lisasishwe, kwa sababu neno lililotumika zamani kuwataja weusi leo ni tusi. Ikikulazimu kufanya hivyo, katika duru moja ya kuhoji gawa sampuli nusu kwa nusu: hawa swali la zamani, wale jipya. Tofauti utakayopata ndiyo inayotokana na maneno, na utaweza kuiondoa kwenye hesabu.

Mpangilio nao unatia mkono. Muulize mtu kuhusu uchafuzi wa bahari, kisha umuulize kama angenunua bidhaa yenye plastiki kidogo. Atakuambia ndiyo, maana umeshamwandalia jibu. Vilevile njia ya kuhoji: mbele ya mhoji watu hupunguza kiasi cha pombe wanachokunywa, kwenye skrini husema zaidi. Ukihama kutoka ana kwa ana kwenda mtandaoni, usitangaze kwamba ulevi umeongezeka.

Halafu kuna pengo kati ya kauli na tendo, na hapa ndipo ninapowasisitizia sana vijana wetu. Mwanasosholojia Richard LaPiere alizunguka Marekani na mume na mke Wachina mwanzoni mwa miaka ya 1930, enzi ambazo chuki dhidi ya Wachina ilikuwa wazi. Kati ya hoteli na migahawa 251, walikataliwa mara moja tu. Baadaye akawaandikia wenye sehemu hizo kuuliza kama wangewapokea Wachina. Zaidi ya asilimia 90 ya waliojibu walisema hapana. Kwenye soko mara nyingi huwa kinyume, kauli ni nzuri kuliko tendo: mtu anaahidi kulipa zaidi kwa bidhaa isiyoharibu mazingira, risiti yake inasema vingine. Ndiyo maana dodoso lisisimame peke yake. Liweke pamoja na data za manunuzi, hasa za kaya zilezile zinazorekodi walichonunua wiki baada ya wiki.

Mteja atakusukuma utafute habari kwenye kila duru. Kwa sampuli ya watu 1,000, kosa la makadirio ni kama pointi 3 za asilimia kila upande, na ukilinganisha duru mbili huzidi 4. Badiliko la pointi 2 usiliandikie kichwa cha habari, hata akikasirika.

Na akikuambia "vijana wa leo hawanunui magari", usiwalinganishe na wazazi wao wa leo. Rudi kwenye faili, tafuta wazazi hao walijibu nini walipokuwa na miaka 25.