Wadogo zangu wa risepsheni, hizi phrasal verbs zitawaumbua

Jana usiku mgeni kaaga vizuri tu, "I'm going to turn in", yaani anakwenda kulala, dogo wa field akamjibu "turn in what, madam, the key?" Mama wa watu akacheka mpaka akashika kaunta. Kila msimu ni yale yale na hizi phrasal verbs, yaani kitenzi na kaneno kama in, out au up vinavyobeba maana moja vikiwa pamoja, haya sogeeni.

1. Acheni kumeza ile listi ya get. Get by, get over, get through, leo unazo zote kesho huna hata moja. Kwani piga ulikaririshwa na nani? Piga pasi, piga mswaki, piga chafya, kuna kipigo hapo? Maana inakuja yakikaa pamoja. Andika sentensi nzima kama ilivyomtoka mgeni.

2. Check out. Hapa ndo nilipoumbuka mie. Waingereza wawili, mtu na mkewe, bado wana siku mbili za kulala, asubuhi wanapita kaunta na kofia zao, "we're off to check out Prison Island". Mie nikasikia check out, mengine yote yakapita. Nikafunga bili, nikaita housekeeping, nguo zikakunjwa zikaenda stoo, na Agosti ile Mji Mkongwe umejaa, walk-in, mgeni asiye na booking, wa kwanza kutokea nikampa chumba, tena najiona hodari. Jioni hao wanarudi, jua limewababua, wananionyesha picha za wale kobe wakubwa wa asili ya Seychelles, wanaomba ufunguo. Ufunguo upo juu, na kitandani kwao kalala Mtaliano. Nikaanza "but sir, you said...", meneja akanikanyaga mguu chini ya kaunta. Walilala hoteli ya jirani kwa gharama yetu na mswaki wa yule mama haujaonekana mpaka leo. Sasa sikieni: anayeondoka anasema tu check out, au check out of the hotel. Ikifuatiwa moja kwa moja na kisiwa, soko au mgahawa, anaenda kutazama. Na mtu anayehama ana begi jamani, hana kofia na chupa ya maji!

3. Put off ni kuahirisha, call off ni kufuta kabisa. Ukichanganya hizi kwenye booking ya boti mie sikutetei.

4. Kwenye zile zinazokubali kutenganishwa, it na them zinakaa katikati: turn it down, pick them up. Halafu sisi wa huku tunapenda "I will pick you at six" na "cope up with". Hiyo up itoeni kwenye cope muipeleke kwenye pick, basi.

5. Kadi ya kujiandikisha Mmarekani ana-fill out, Mwingereza ana-fill in, kadi ni hiyo hiyo, usimsahihishe mtu. Ila mzee wa Kiingereza akikwambia "knock me up at six" usikimbie, anataka umgongee mlango aamke. Usilirudie tu mbele ya Mmarekani maana kwao hiyo ni kupeana mimba, wewe jibu "I'll wake you up" na uandike kwenye daftari la zamu, sio kiganjani.