Maswali ya Wasomaji: Kabla ya Kuzalisha Mijusi Wenye Ndevu

SWALI: Ndugu Mshauri, ninafuga mijusi wawili wenye ndevu, dume na jike, niliowanunua siku moja kwa muuzaji mmoja na kuwalea katika kizimba kimoja. Sasa wana umri wa mwaka mmoja. Dume ameanza kutikisa kichwa mbele ya jike, na ndevu zake, yaani ngozi yenye miiba iliyo chini ya kidevu, hugeuka nyeusi. Ninafikiria kuwaacha wazaliane ili niuze watoto na kurudisha fedha ninazotumia kwa chakula na taa. Nijiandae kwa gharama zipi, na je, kazi hii italipa?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla hatujafika kwenye gharama, nakuomba uwatenganishe leo hii, kila mmoja awe na kizimba chake. Jike wa mwaka mmoja anaweza kushika mayai, lakini mwili wake bado unakua, na mayai huchota kalsiamu ile ile ambayo mifupa yake inaihitaji. Jike mdogo anayetaga mfululizo huweza kupata mitetemo ya misuli na kulegea kwa mifupa, na wengine hufa. Wafugaji makini husubiri hadi jike atimize miezi 18 hadi 24 na awe na uzito wa takribani gramu 350 au zaidi. Zaidi ya hayo, dume humpanda jike kwa kumng'ata shingoni, na anapoishi naye usiku na mchana humrudia mara kwa mara bila kumpa nafasi ya kupumzika wala kupona.

Kwa kuwa uliwanunua siku moja kwa mtu mmoja, yawezekana sana kwamba ni ndugu wa mzao mmoja, na hilo peke yake lingetosha kukuzuia. Asili ya mijusi hawa, ambao wanasayansi huwaita Pogona vitticeps, ni maeneo makavu ya ndani ya Australia, na nchi hiyo hairuhusu watolewe nje kwa ajili ya biashara. Mijusi wanaofugwa kwingineko ni uzao wa wale waliotoka huko miongo mingi iliyopita, kwa hiyo damu mpya ni adimu tayari, na kuoanisha ndugu ni kuufinya ukoo ambao umekwisha kufinywa. Anayetaka kuzalisha kwa uangalifu humtafuta mwenzi ambaye nasaba yake inajulikana. Kisha huwapeleka wote wawili kwa daktari wa wanyama anayefahamu reptilia, wapimwe kinyesi ili kutafuta minyoo na koksidia (vimelea vidogo vya utumbo), na pia wapimwe virusi vya adeno, ambavyo mjusi aliyekomaa huweza kuvibeba bila kuonyesha dalili yoyote huku watoto wake wakidhoofika na kufa. Vipimo hivyo ni gharama ya kwanza, nayo hulipwa kabla yai lolote halijatagwa.

Sasa tufanye hesabu, maana wengi huhesabu bei ya watoto na kusahau matumbo yao. Jike hutaga kwa kawaida mayai 15 hadi 30 kwa mkupuo mmoja, na kwa sababu anaweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini, kupandwa mara moja huweza kuleta mikupuo miwili, mitatu au zaidi, iliyopishana kwa wiki chache. Tuseme mkupuo mmoja tu umefaulu na umepata watoto 20. Mtoto anapoanza kula vizuri, kwa kawaida siku chache baada ya kuanguliwa, hulishwa mara mbili au tatu kwa siku, na nyenje 30 wadogo kwa siku si wengi kwake. Hao ni nyenje 600 kila siku, yaani 36,000 kwa siku 60, nao inabidi walishwe vizuri wenyewe, wapakwe unga wa kalsiamu, na wasizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho ya mtoto. Mkupuo wa pili huanguliwa wakati wa kwanza bado uko mikononi mwako. Ndiyo maana wazalishaji wengi huishia kufuga wadudu pia, na kazi hiyo ina harufu yake, kelele zake na muda wake.

Watoto hao hawawezi kurundikwa pamoja. Wanapobanana, wakubwa huwang'ata wadogo vidole na ncha za mikia, na mkia wa mjusi huyu ukikatika hauoti tena. Inabidi uwagawe kwa ukubwa katika vizimba kadhaa, na kila kizimba kiwe na taa ya joto, taa ya UVB, yaani mionzi isiyoonekana kama ile iliyomo katika mwanga wa jua, na kidhibiti joto chake. Taa ya UVB hupoteza nguvu hata kama bado inawaka, kwa hiyo hubadilishwa kila baada ya miezi 6 hadi 12 kulingana na aina yake. Bila mionzi hiyo mwili hautengenezi vitamini D3 ya kutosha, kalsiamu haifyonzwi, na mtoto hukua na taya laini na miguu iliyopinda. Nimewaona mijusi wa namna hiyo wakitembea kwa kujivuta, na maumivu yao yalitokana na taa ambayo mtu aliona ni ghali.

Kuhusu kuangua, uwe mwangalifu na mashine za kutotolesha mayai ya kuku. Mashine hizo huwekwa joto la kama nyuzi 37.5 na nyingi hugeuza mayai, ilhali mayai ya mjusi huyu yanahitaji nyuzi 28 hadi 30 kwa siku 55 hadi 75, yakiwa yamezikwa nusu katika vemikulaiti (chembe nyepesi za madini zinazoshika maji) yenye unyevu, bila kugeuzwa hata mara moja tangu kiinitete kinapojishikiza kwenye ganda.

Je, italipa? Kwa mfugaji wa jozi moja, jibu langu ni hapana. Watoto hawapaswi kuuzwa kabla ya wiki 6 hadi 8, nao wakati huo wamekwisha kula sehemu kubwa ya faida. Mijusi hawa huzaana kwa urahisi, hivyo wauzaji ni wengi, na waliokomaa wasiotakiwa huhangaikiwa na watu wa kujitolea. Mnyama huyu huishi miaka 10, pengine 15. Kwangu mimi, mwenye haki ya kuzalisha ni yule anayeweza kukaa na kila mtoto aliyekosa mnunuzi, na kumpokea tena yule ambaye mnunuzi amemchoka.

Jambo moja la haraka: huenda jike wako amekwisha kupandwa. Mwongezee kalsiamu na chakula, mwandalie mahali pa kutagia, na mayai yakitoka yatie kwenye friza siku hiyo hiyo, kabla viinitete havijaendelea kukua. Usisahau mikupuo inayoweza kufuata.

SWALI: Jike wangu anaishi peke yake na hajawahi kuonana na dume. Wiki hii tumbo limevimba, anachimba pembe za kizimba na hali chakula. Anaumwa?

JIBU: Yaelekea ana mayai yasiyorutubishwa, jambo la kawaida kwa jike aliyekomaa. Mpe sanduku lenye mchanga uliochanganywa na udongo, kina kisichopungua sentimita 20, wenye unyevu wa kutosha ili shimo lisiporomoke, kisha funika kando za kizimba ili asione watu wakipita. Jike asiyepata mahali panapomridhisha huweza kuyazuia mayai hadi yakakwama. Akichimba kwa siku kadhaa bila kutaga, akilegea, akibadilika rangi kuwa nyeusi au akishindwa kunyanyua mwili, mpeleke kwa daktari bila kusubiri kesho. Huenda akahitaji upasuaji. Akishataga, mpe maji, kalsiamu na wadudu wenye mafuta, naye atarudisha uzito wake taratibu.

SWALI: Nimesikia kwamba nikipandisha joto la mayai nitapata majike wengi, ambao huuzika kwa urahisi. Ni kweli?

JIBU: Ni kweli kwa sehemu. Kwa kawaida jinsia ya mijusi hawa huamuliwa na kromosomu, yaani vibeba urithi vilivyomo ndani ya seli, ambazo hapa huitwa Z na W: dume ana ZZ na jike ana ZW. Mayai yakipata joto la zaidi ya nyuzi 32, baadhi ya wenye ZZ huanguliwa wakiwa majike, na utafiti uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba jambo hilo hutokea hata porini. Hata hivyo, joto likizidi, viinitete hufa ndani ya mayai au hutoka na kasoro. Usicheze na uhai kwa ajili ya soko. Baki kwenye nyuzi 28 hadi 30.

SWALI: Muuzaji ananishauri nioanishe mijusi wawili wa aina ya mgongo laini ili nipate wale wasio na magamba kabisa, ambao ni wa bei ya juu. Unasemaje?

JIBU: Usikubali. Wenye mgongo laini wamebeba nakala moja ya jeni inayopunguza magamba. Ukiwaoanisha wawili, takribani robo ya watoto hupata nakala mbili na kuzaliwa bila magamba. Ngozi ya hao huchanika kwa kucha za wenzao, hukauka, huungua kwa mwanga ambao mjusi wa kawaida anaufurahia, na hujivua kwa taabu. Kama unaipenda aina hiyo, moanishe mmoja na mwenzi mwenye magamba ya kawaida: takribani nusu ya watoto watakuwa na mgongo laini, nusu watakuwa wa kawaida, na hakuna atakayezaliwa bila magamba.