Sungura akigoma kula, hesabu saa

Sungura wangu wa kwanza alikuwa mlafi. Nikigusa tu mlango wa jokofu, huyo, ananizunguka miguuni. Kwa hiyo jioni aliponusa jani la giligilani, akalishika kwa midomo kisha akaliacha lidondoke, nilicheka. Nikasema anadeka, njaa itamfunza adabu.

Asubuhi nilimkuta kajikunyata pembeni mwa banda, macho nusu kufumba, anasaga meno. Sakafu ilikuwa safi, na usafi ule ndio ulionishtua. Sungura mzima huacha punje za kinyesi kwa mamia kila siku.

Njaa haimfunzi sungura adabu, inamuua. Utumbo wake umeumbwa kufanya kazi mchana na usiku, na nyuzinyuzi za majani ndizo zinazousukuma. Chakula kikikoma kuingia, utumbo unazubaa, kilichomo kinakauka, gesi inajaa, tumbo linauma, na kwa maumivu hayo anazidi kukataa kula. Asiyetia kitu mdomoni kwa saa 12 ni mgonjwa wa dharura. Mimi siku hizi sizisubiri saa hizo zitimie: akikataa anachokipenda na kinyesi kimepungua, naondoka naye kwa daktari, hata kama ni usiku.

Yule wangu hakuwa amekosa hamu hata kidogo, na hili ndilo linaloniuma hadi leo. Meno ya sungura hukua maisha yake yote. Ya mbele nilikuwa nikiyachungulia kila wiki na kujiona fundi. Magego sasa, hayo yako ndani mno, huyaoni bila kifaa chenye taa. Daktari alipochungulia alikuta gego la chini limeota ncha kali, imemchana ulimi. Maskini alikuwa na njaa, ila kila akitafuna anajikata. Ndiyo maana aliliokota lile jani na kuliacha, na kidevu chake kilikuwa kimelowa mate siku mbili nzima nikidhani ni maji ya kunywa. Anayekijia chakula kisha akakiangusha, mimi hushuku mdomo kwanza. Asiyekisogelea kabisa, nashuku tumbo, au maumivu ya mahali pengine. Vyovyote iwavyo, mweleze daktari ulichokiona kwa macho yako, usiishie kusema "hali chakula".

Wakati unajiandaa kwenda, mguse masikio. Yakiwa ya baridi na mwili umelegea, hali ni mbaya. Joto lake la kawaida linakaribia nyuzi 39, kwa hiyo mpe joto kwa chupa ya maji moto iliyozungushiwa taulo, na mwachie nafasi ya kujisogeza akichoka nayo.

Kumlisha uji wa majani kwa bomba la sindano kunaokoa maisha, lakini ngoja daktari alipapase tumbo kwanza. Likiwa limevimba na kukaza kama ngoma huenda njia imeziba, na ukiongeza chakula unaongeza balaa. Ukiruhusiwa, pitisha bomba pembeni mwa mdomo, kidogokidogo, ameze ndipo uongeze. Mara moja niliharakisha akapaliwa, nikadhani nimemmaliza kwa mkono wangu.

Dawa zako za kabatini ziache kabatini. Amoksilini ya kumeza, kwa mfano, huua bakteria wema wa tumbo lake, na kuhara kunakofuata kunaweza kumuua. Pia, kliniki ya kwanza niliyokwenda iliniambia nimnyime chakula usiku mzima kabla ya kusagwa ile ncha ya gego. Ushauri huo ni wa mbwa na paka, ambao wanaweza kutapika wakiwa kwenye nusukaputi. Sungura hawezi kutapika, na tumbo tupu ndilo linalomponza. Nilitafuta daktari mwingine anayewajua sungura.

Nilichobadilisha nyumbani ni bakuli. Zamani nilikuwa nalijaza chakula cha punje cha dukani mpaka pomoni, naye anashiba bila kutafuna sana. Sasa punje ni kidogo tu, nyasi kavu hazikosekani bandani, na maji yako kwenye bakuli zito. Kila Jumapili nampima kwenye mizani ya jikoni, kwa sababu manyoya huficha ukondefu.

Na kila asubuhi, kabla sijanywa chai, nafagia banda huku nikitazama zile punje za kinyesi. Zikiwa kubwa za mviringo, naendelea na siku yangu. Zikianza kuwa ndogo, au zimeshikana kwa uzi wa manyoya kama shanga, chai inangoja.