Chunusi za taya na vidonge vya spironolaktoni: niliyoyapitia

Makala haya nawaandikia wanawake ambao ujana wao ulishapita. Una miaka 25, 30 au hata 40. Chunusi za shule ulishazisahau, pengine hukuwahi kuwa nazo kabisa. Lakini sasa kila mwezi, siku chache kabla ya kuingia mwezini, zinakutoka kidevuni, kwenye taya na kushuka shingoni. Hazina kichwa wala usaha wa kukamua. Ukipitisha kidole unaigusa kama gololi chini ya ngozi, na inauma hata mtandio ukiisugua. Ikipoa inaacha doa jeusi linalokaa miezi, na kabla doa halijafifia, nyingine imeshaota pembeni yake.

Mimi niliishi hivyo kwa miaka. Kilichonisaidia hatimaye hakikuwa cha kupaka, kilikuwa cha kumeza. Naeleza kilivyonisaidia, kilinichukua muda gani na kilinitaka niwe mwangalifu katika mambo yapi, kwa sababu wengi wanaanza dawa hii bila kuelezwa, halafu wanaiacha mapema wakidhani haifanyi kazi.

Kwanza niondoe lawama. Mwanamke mwenye chunusi za aina hii anaambiwa mengi: hunawi uso vizuri, acha karanga, acha chipsi, olewa zitaisha, zaa zitaisha. Nilishaambiwa hayo harusini, ofisini na msibani, na watu wanaonipenda. Si kweli kwamba ni uchafu. Mwili wa kila mwanamke unatengeneza androjeni, zile homoni ambazo watu huziita za kiume. Zinatoka kwenye ovari na kwenye tezi ndogo zilizo juu ya figo, na ndizo zinazoziamuru tezi za ngozi kutoa mafuta. Kwa wengi wetu vipimo vya damu vinarudi sawa kabisa. Homoni hazijazidi, ila ngozi yetu inaziitikia kwa nguvu kuliko ngozi ya mwenzetu. Ndiyo maana unaweza kunawa uso mara tano kwa siku na bado yakatoka yaleyale. Tena kunawa huko kunaichubua ngozi na kuzidisha uvimbe.

Lakini kama hedhi zako zinaruka miezi, nywele zinaota kidevuni au kifuani, na za kichwani zinapungua katikati, mwambie daktari hayo yote kwa pamoja. Hizo zinaweza kuwa dalili za PCOS, hali ambayo homoni na kazi ya ovari huvurugika, na hapo chunusi ni sehemu tu ya jambo kubwa zaidi linalohitaji kipimo cha damu na cha ultrasaundi. Usizitibu chunusi peke yake ukaacha mengine.

Na kuhusu mkorogo, naomba nisikilizwe. Krimu zenye klobetasoli au betamethasoni zinazouzwa madukani kama za kung'arisha zitakufurahisha wiki ya kwanza, maana hizo ni steroidi, dawa ambazo hupoza uvimbe haraka. Baadaye ngozi inakonda, mishipa inaonekana, na steroidi zenyewe zinaanza kuleta chunusi mpya. Ukiacha zinalipuka zaidi, kwa hiyo unarudi kupaka. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa Tanzania, lakini bado ziko mitaani. Nimewaona mashoga zangu wakiharibika nyuso kwa kutafuta kuficha madoa, na inaniuma kila ninapolifikiria.

Daktari wa ngozi niliyemwona hakuanza na uso wangu. Alianza na hedhi, kisha akaniuliza natumia uzazi wa mpango gani. Swali hilo ni kubwa kuliko linavyosikika. Sindano, kijiti na kitanzi chenye homoni vina homoni moja peke yake, projestini, na kwa baadhi ya wanawake projestini huamsha chunusi au huzizidisha. Si kwa wote, na simwambii mtu akimbilie kung'oa kijiti. Ila kama chunusi zilianza miezi michache baada ya kuwekewa, sema. Vidonge vya majira vyenye homoni mbili hufanya kinyume chake: estrojeni iliyomo huongeza protini inayoikamata testosteroni kwenye damu, hivyo inayofika kwenye ngozi inapungua. Wapo wanaopona kwa hivyo tu. Havimfai mwenye presha ya juu, aliyewahi kuganda damu, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona mwangaza au michoro machoni, wala mvutaji sigara aliyepita miaka 35.

Viuavijasumu kama doksisaikilini nilishavitumia kabla. Vinapoza, lakini havigusi chanzo cha chunusi za homoni, na havitakiwi kumezwa miezi nenda rudi, maana bakteria wanavizoea. Kwangu uvimbe ulipungua nikiwa navimeza, ukarudi nilipomaliza dozi. Daktari alisema ndivyo inavyotarajiwa.

Akaniandikia spironolaktoni.

Nilipopeleka cheti duka la dawa, dada wa dirishani alikisoma, akaniangalia, akauliza kwa upole, "Dada, una presha?" Nilikuwa nimeshaelezwa, kwa hiyo sikushtuka, ila najua kuna wanaoshtuka na kurudi nyumbani bila dawa. Ni kweli ni dawa ya presha, ya moyo ulioshindwa kazi na ya kujaa maji tumboni. Iko sokoni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na wengi wanaijua kwa jina la Aldactone. Inapunguza maji mwilini huku ikibakiza madini ya potasiamu. Lakini ina kazi ya pili: inaziba mlango ambao androjeni hupitia kuingia kazini kwenye tezi za mafuta. Homoni ipo, ila ngozi haiisikii. Kazi hiyo ya pili ndiyo tunayoitaka sisi. Haikusajiliwa kwa ajili ya chunusi, lakini madaktari wa ngozi wamekuwa wakiiandika kwa miongo mingi.

Kidonge chenyewe kina harufu ya peremende ukifungua boksi. Nilianza na miligramu 50 asubuhi, baada ya kula, na baadaye zikapandishwa kuwa 100. Wiki za mwanzo nilienda msalani mara nyingi, nikawa napata kizunguzungu nikisimama ghafla, hasa kwenye joto la Dar la Januari na Februari. Kunywa maji ya kutosha kulisaidia, na kuinuka kitandani taratibu. Matiti yaliuma kidogo. Hedhi ilivurugika, ikaja kabla ya tarehe yake na matone katikati ya mwezi, kisha ikatulia. Wengine wanaumwa kichwa. Mimi hilo halikunipata.

Usoni, mwanzoni, hakuna kilichobadilika. Hapa ndipo wanawake wengi wanapokata tamaa, na hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Mwaka 2023 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti uliofanyika England na Wales kwa wanawake 410 wenye chunusi. Nusu walimeza spironolaktoni, nusu vidonge vinavyofanana navyo visivyo na dawa ndani, bila wao kujua nani anameza nini. Baada ya wiki 12 tofauti kati yao ilikuwa ndogo: 72 kwa kila 100 wa spironolaktoni walisema wamepata nafuu, na 68 wa upande wa pili. Baada ya wiki 24 mambo yalikuwa mengine, 82 kwa 63. Soma tarakimu hizo tena. Mwanamke aliyeacha mwezi wa tatu aliacha pale pale dawa ilipokuwa inaanza kuonyesha kazi yake. Na pia zione zilivyo: wapo ambao hawakupata nafuu hata kwa miezi sita. Si muujiza, na anayekuahidi muujiza ana kitu cha kukuuzia.

Kwangu mimi, dalili ya kwanza haikuwa uso kusafika. Ilikuwa mafuta. Paji la uso ambalo saa sita mchana lilikuwa linang'aa likaanza kubaki kavu mpaka jioni. Kisha zile za kabla ya hedhi zikaja chache, ndogo, na zikapoa haraka. Kisha mwezi mmoja zikakosa kuja. Ushauri wangu ni kupiga picha mara moja kwa mwezi, dirisha lilelile, saa ileile, uso mtupu. Kioo cha kila siku hakikuonyeshi badiliko la polepole, na siku ukiwa na moja mbaya unaona kama hujapona chochote.

Madoa ni habari nyingine. Kidonge kinazuia mpya, hakifuti alama za zamani. Ngozi nyeusi inashika doa kwa muda mrefu, kwa hiyo nilipaka krimu ya kukinga jua kila asubuhi na krimu ya asidi ya azelaiki usiku, na zaidi ya hapo ni kusubiri.

Sasa usalama, na hapa sipunguzi neno.

Usimeze spironolaktoni ukiwa mjamzito, wala ukiwa unatafuta mimba. Kwa kuwa inaziba androjeni, inaweza kuathiri ukuaji wa viungo vya uzazi vya mtoto wa kiume tumboni. Pima ujauzito kabla ya kuanza, tumia uzazi wa mpango wa uhakika, na mwenzako ajue sababu, mzigo usiwe wako peke yako. Madaktari wengi huiandika pamoja na vidonge vya majira vyenye homoni mbili, ambavyo vinakinga mimba, vinasaidia ngozi na vinanyoosha hedhi iliyovurugika. Kama unatumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, au baadhi ya ARV, sema, kwa sababu zinaweza kudhoofisha nguvu ya vidonge hivyo.

Potasiamu nayo. Mwanamke kijana mwenye figo nzima mara nyingi hahitaji kupimwa kila mara, lakini mwenye kisukari, presha, ugonjwa wa figo au umri mkubwa anatakiwa apimwe damu. Mtajie daktari kila unachomeza, hata kile unachokiona kidogo. Losartani na enalaprili za presha zinapandisha potasiamu. Diklofenaki za maumivu za kila siku si nzuri kwa figo ukiwa kwenye dawa hii. Na ile ambayo watu wanaisahau kabisa ni Septrini, ambayo kwetu inamezwa kwa mambo mengi na wapo wanaoimeza kila siku. Ikikutana na spironolaktoni, potasiamu inaweza kupanda hadi kuhatarisha moyo. Vyakula vya kawaida, ndizi na parachichi za mlo, sikukatazwa. Madafu niliambiwa nisiyafanye kinywaji cha kila siku, nami kwa mtu wa pwani hilo nililisikia vizuri.

Kwenye Ramadhani nilirudi kwa daktari kabla ya mwezi kuandama. Kidonge kinachotoa maji, ukikimeza daku kisha ukashinda na joto bila kunywa, kinaweza kukuangusha. Mimi nilihamishiwa baada ya futari, nikaamka usiku kwenda msalani zaidi, lakini mchana nilikuwa salama. Kwako inaweza kuwa tofauti, muulize anayekutibu.

Kaka zangu, dawa hii si yenu kwa chunusi. Inaotesha matiti kwa wanaume. Nanyi mna dawa ya kumeza iitwayo aisotretinoini, ambayo pia hupewa wanawake wenye chunusi kali za kuacha makovu. Ile ina nguvu sana, inakausha midomo na macho, inahitaji vipimo vya ini na mafuta ya damu, na kwa mjamzito ni hatari kubwa kuliko zote nilizozitaja. Usiinunue kwa mtu wa Instagramu.

Kumpata daktari wa ngozi si rahisi kwa kila mtu, najua. Muhimbili wapo. KCMC Moshi kuna kituo cha kanda cha kufundisha tiba ya ngozi tangu 1992, na kinafundisha hata maafisa tabibu, ambao wengine wanafanya kazi hospitali za mikoani. Kwa hiyo kabla ya kulipa nauli ya Dar, uliza hospitali ya mkoa wako kama wana mtu wa ngozi, au hata kliniki ya wanawake, maana daktari wa magonjwa ya wanawake anaifahamu dawa hii.

Swali ninaloulizwa zaidi ni kama nitaimeza maisha yangu yote. Dawa inafanya kazi ukiwa unaimeza. Nilipopunguza dozi kwa maelekezo, chache zilirudi, nikabaki kwenye dozi ndogo. Wapo wanaoacha baada ya mwaka na uso unatulia, wapo ambao zinarudi, na kuna wanaoendelea kwa miaka bila shida. Siku ukitaka mtoto, rudi kwa daktari kabla hujaacha uzazi wa mpango, akuachishe spironolaktoni kwanza na kukupangia cha kupaka kinachoruhusiwa kwenye ujauzito. Asidi ya azelaiki ni mojawapo. Na kama daktari ameandika cheti bila kukuuliza kama una mpango wa kuzaa, au unameza dawa gani nyingine, mwambie wewe kabla hujatoka chumbani kwake.