Baada ya marathoni, damu husema nini? Maswali ya wasomaji

SWALI: Nilimaliza kilomita 42 saa tano asubuhi. Jioni, nikiwa hoi, nikapima damu: chembe nyeupe 16.2, na AST ya ini imepanda. Nikaambiwa ni maambukizi, nikaandikiwa antibayotiki. Homa sina. Naumwa kweli?
Msomaji, Moshi

JIBU: Karatasi hiyo peke yake haithibitishi maambukizi. Kawaida ni 4 hadi 11, yaani chembe elfu 4 hadi elfu 11 kwa mikrolita moja ya damu, lakini mtu mzima wa afya aliyetoka kumaliza marathoni anaweza kufika 15 hadi 20. Nyingi ya hizo hazikuzaliwa siku hiyo. Ukiwa umetulia, karibu nusu ya neutrofili, askari wa mstari wa mbele wa kinga, huwa zimejibanza kwenye kuta za mishipa midogo, na kipimo hakizioni. Adrenalini na kasi ya damu huzibandua. Baadaye kortisoli, homoni ya msongo, huita nyingine kutoka kwenye uboho. Ndiyo maana hesabu huzidi kupanda saa kadhaa baada ya mkimbiaji kuketi. Tazama tena limfosaiti zako, aina nyingine ya chembe nyeupe: huenda ziko chini. Hizo hupanda mtu akiwa mbioni, hushuka saa moja au mbili baadaye, na hurudi ndani ya siku moja hivi.

AST nayo (aina ya kimeng'enya) imesingiziwa. Inaitwa ya ini, kumbe misuli inayo tele, na nyuzi zilizochanika huimwaga kwenye damu. Omba CK (kimeng'enya cha misuli) na GGT (cha ini) zipimwe: CK ikiwa juu na GGT ikiwa ya kawaida, chanzo kinaelekea kuwa misuli.

Rudi kwa aliyekuandikia dawa, umtajie saa uliyomaliza mbio. Picha kamili ya damu (hesabu ya chembe zote) irudiwe baada ya siku 3 bila mazoezi, vipimo vya ini baada ya siku 7 au zaidi. Joto likifika 38, usingoje chochote: pima malaria siku hiyo hiyo.

SWALI: Kushuka ngazi siku ya pili ni mateso. Nimeze ibuprofeni kabla ya mbio ili nizuie?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Usimeze. Kwanza, maumivu hayo si asidi ya laktiki. Hiyo huondoka kwa takriban saa moja. Ni nyuzi zilizochanika, hasa za mapaja wakati wa kuteremka, pale msuli unapojikaza huku ukivutwa. Neutrofili hufika ndani ya saa chache, kisha makrofeji, seli za kinga zinazomeza taka, husafisha mabaki na kuamsha seli za kujenga upya. Uchungu hufikia kilele kati ya saa 24 na 72. Uvimbe unaokuja nao ni fundi aliye kazini.

Ibuprofeni na diklofenaki huzuia prostaglandini, kemikali za mwili ambazo ndizo zinazolinda mtiririko wa damu kwenye figo mwili ukiwa umepungukiwa maji. Kwenye mbio za Western States za Marekani, kilomita 160, waliomeza ibuprofeni hawakuumwa kidogo kuliko wenzao, na dalili za inflamesheni (mwitikio wa mwili kwa jeraha) katika damu yao zilikuwa juu zaidi.

Tembea polepole dakika 20 hadi 30, na upate gramu 20 hivi za protini mlo baada ya mlo: mayai matatu, au kikombe cha maharage na yai moja. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, au paja likivimba na kukosa nguvu, nenda hospitali usiku huo huo. Msuli uliovunjika kwa wingi huziba figo.

SWALI: Kila baada ya mbio ndefu napata mafua. Kinga imeanguka?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Wataalamu bado wanabishana. Katika mbio za Two Oceans za Cape Town mwaka 1982, kilomita 56, theluthi ya wakimbiaji waliochunguzwa walipata dalili za mafua na koo ndani ya wiki mbili, dhidi ya asilimia 15 ya wasiokimbia. Lakini koo huwasha pia kwa sababu ya kuhema hewa kavu kwa saa nyingi, bila kirusi chochote. Na tusisahau msongamano wa watu kwenye mstari wa kuanzia. Unachoweza kufanya ni kula gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa ukiwa njiani (ndizi mbivu mbili za wastani zinatosha), maana sukari ikishuka kortisoli hupanda zaidi. Pua ikitiririka tu, mazoezi mepesi yanaruhusiwa. Ukiwa na homa, usikimbie kabisa: virusi vinaweza kushambulia msuli wa moyo.